Mafuta Yanayojipanga Safu

Nilipokuwa mtoto, kinyozi mmoja kutoka Ujiji alihamia mtaani kwetu Buyenzi na kioo kirefu kuliko mtu. Kililetwa juu ya mkokoteni kimefunikwa blanketi kama mgonjwa, wanaume wanne wamekishika pande zote, "polepole, polepole," mpaka sisi watoto tukaamini kwamba ndani ya blanketi kalala mtu wa maana. Kabla ya hapo mtaa mzima ulikuwa na vijioo vya mkononi tu. Mtu alilijua jicho lake na pua yake, ila hakuwahi kujiona mzima, utosi hadi kisigino, kwa mara moja.

Tukataka kwenda kujiona. Mama akasema hatuendi na vumbi. "Kioo cha watu mtakitia uchafu kwa sura hizo!" Akatusimamisha uani sote sita, akatusugua kwa sabuni mpaka masikio yakauma. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyesimama wa kwanza mbele ya kioo. Alijitazama muda mrefu, kisha akatugeukia na kusema kwa sauti ndogo: "Kumbe hii ndiyo miguu yangu?" Alikuwa na matege, masikini, na hakuna aliyewahi kumwambia. Toka siku hiyo alivaa suruali ndefu hata kwenye joto la kuchoma, na mpaka anaoa hakuna mtu mtaani aliyeona tena goti lake.

Lakini nilitaka kusema habari ya sabuni, kinyozi kanipitisha njia nyingine. Ile sabuni ilikuwa ya baba. Baba alikuwa fundi wa sabuni ya mawese, na kwetu ilikuwepo desturi ambayo sijaikuta nyumba nyingine: kitu chochote ambacho jicho la mgeni litakiangukia, kwanza kipite kwenye sabuni. Vikombe, viti, mlango. Hata mbuzi wa Idi aliogeshwa kabla ya kuchinjwa, akawa analia kuliko alipoona kisu. Baba alikuwa akisema nyumba ya sabuni haitoi kitu kichafu. Nilipooa, mke wangu, mtu wa Rumonge, aliipokea desturi ile kwa mama yangu na akampita. Angeweza kuosha mvua.

Mimi nilirithi kazi. Shule nilikaa miaka miwili, chuo cha Kurani mitatu, basi. Lakini nilikuwa na ulimi. Wasiojua sabuni watacheka. Kama huna ile soda kali ya kiwandani, unachemsha maji ya majivu, na majivu mazuri ni ya maganda ya ndizi. Sasa utajuaje maji yamekuwa makali ya kutosha kuyala mafuta? Unachovya ncha ya kidole, unagusisha ulimini, unatema haraka. Yakiwa mepesi ni kama chumvi ya machozi. Yakiwa tayari yanakung'ata kama siafu mmoja, mmoja tu, si wawili. Baba alinifundisha kwa miaka mitano kutofautisha siafu mmoja na wawili. Mtaani waliniita wanapokwama: "Muzee wa ulimi, njoo utuonjee." Niliacha chakula changu nikaenda, na nikirudi nilitembea katikati ya barabara.

Ikaja vita. Sitaieleza, walioiona waliiona. Buyenzi tulikuwa tumebanana humo humo, wa kila namna, tukisikia milio ya vilimani na kufunga milango mapema. Halafu nchi jirani zikafunga mipaka, vikwazo tulivyoviita ambago, na ile soda ya kiwandani ikapotea kwenye maghala yote ya Zone Industrielle, mtaa wa viwanda. Mafundi waliozoea soda walikaa mikono mapajani. Mimi nikatoa mapipa ya baba, nikakusanya maganda ya ndizi, nikarudi kwenye ulimi. Nitasema ukweli, ilikuwa miaka mibaya kwa wote, lakini kwangu mimi fundi ilikuwa miaka ya heshima. Ndipo akaja yule bwana.

Alitoka ng'ambo, Bukavu. Mrefu, mwembamba, koti moja, miwani iliyofungwa uzi, mkononi serviette, mkoba wa ngozi ambao nilidhani una nguo, kumbe una madaftari na vichupa. Alikuwa amefanya kazi katika laboratware, maabara ya shule kubwa huko kwao, vita ya kwao ikamtoa. Wasichana wake wawili walibaki Uvira kwa bibi yao. Uvira unaiona ng'ambo ya ziwa kutoka ufukweni kwetu siku isiyo na ukungu, lakini yeye hakuwa na karatasi hata moja ya kuwavusha wala pa kuwaweka. Jirani akaniletea habari, ana mgeni mstaarabu, Mkristo, mtu wa vitabu, je, kile chumba changu cha uani? Nikasema akae, atanisaidia kukoroga.

Wiki ya kwanza tu aliniondolea ulimi wangu.

Alinikuta nachovya kidole pipani, nikagusisha, nikatema. Akashika kichwa.

"Muzee! Hii itakumaliza meno!"

"Meno yangu yamekuonea nini?"

Akacheka, akaenda kwenye kichaka cha maua mekundu kilichokuwa upande wa choo, akachuma matatu, akayasaga kwenye maji ya moto. Akadondosha kidogo kwenye maji ya majivu. Maji mepesi yakawa kijani. Akatia kwenye pipa lililoiva, yakawa njano. Mke wangu alikuwa anatazama na mwiko mkononi.

"Mashallah! Ni ua tu hili?"

"Ni ua tu, mama."

Toka siku hiyo mke wangu hakuniita tena kuonja. Alichuma ua. Majirani nao wakaja kuchuma maua, na ulimi wangu ukakosa kazi. Nilikuwa nikiamka mapema na kuonja kwa siri nikiwa peke yangu, kisha nikatia ua, na kila mara ua na ulimi walikubaliana, jambo ambalo liliniuma zaidi kuliko kama wangepingana.

Mke wangu alianza kumwita shemeji. Sawa, ni heshima, rafiki wa mumeo ni shemeji yako. Lakini nilianza kuhesabu vicheko. Mimi nilimchekesha mara moja kwa siku, mbili siku ya Ijumaa. Huyu bwana kwa chai ya asubuhi peke yake alifika mara nne, na wala hakuwa mchekeshaji. Alikuwa akisema tu mambo ya kweli kwa sura ya mshangao. Tukipika sangala, kichwa kilikuwa changu miaka yote. Siku moja nikakiona kichwa kwenye sahani yake.

"Mgeni," mke wangu alisema.

"Miezi minne bado mgeni?"

"We muzee, unaonea wivu kichwa cha samaki?"

Ndiyo. Nilionea wivu kichwa cha samaki. Naandika hivi kwa sababu nimezeeka na sina wa kumdanganya.

Sasa kazi yake. Alipokuwa hakorogi, alikuwa anacheza na mafuta. Aliyeyusha mawese, akayapoza, akayakamua kwa kitambaa mpaka akabaki na kile cheupe kigumu kama nta, akakiyeyusha tena katika spiriti ya famasi. Alihitaji chombo kipana cha kioo. Mke wangu akampa sinia letu la kioo la harusi. Sikuulizwa. Vipande vya kioo alipata kwa mafundi wa magari, mabaki ya madirisha, akavikata kama kadi za karata. Vyombo vyake hakumwachia mtu kuviosha, alivisafisha mwenyewe kwa spiriti, na maji alichuja mara tatu.

Siku moja mke wangu amekwenda matanga ya shangazi yake Rumonge, bwana akaniita. "Muzee, kuja uone."

Alijaza sinia maji, akanyunyiza juu unga wa mkaa mwembamba kama poda. Akadondosha tone moja la ile spiriti yenye mafuta. Unga ukakimbia kwenda pembeni na katikati pakawa peupe, duara safi kama chapati.

"Yale mafuta yameenda wapi?" niliuliza.

"Yapo pale pale. Yamejipanga." Akanieleza, na mimi nitaeleza nilivyoelewa. Mafuta yametengenezwa na vijipande vidogo, vidogo sana, jicho halivioni na hata darubini ya hospitali haivioni. Kila kijipande kina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia unayachukia. Ukivimwaga juu ya maji vinasimama vyenyewe, vichwa chini, mikia juu, bega kwa bega, unene wa kijipande kimoja tu. "Bintu binajipanga byenyewe, Muzee. Hakuna mutu anabisukuma, hakuna rula. Na si mawese tu. Kiini cha yai ni vile, sukari ukiifunga na mafuta ni vile. Mungu alibiumba bikiwa binajua mahali pa kusimama."

Nikafikiri, nikamwambia: "Ni kama msikitini. Watu wamekaa ovyo, huyu anaongea, huyu anatafuta kiatu. Mtu akikimu tu, akitangaza swala inaanza, safu zinajipanga, bega kwa bega. Hakuna anayesukumwa."

Akavua miwani. Akaniambia, "Muzee, nimefundisha miaka kumi na miwili, sijawahi kusema vizuri hivyo," akafungua daftari akaandika. Aliandika maneno yangu! Nilitamani baba angekuwa hai. Siku ile nilimpenda yule bwana, wallahi, na kama angekufa siku ile ningemlilia kama ndugu.

Akanionyesha na mengine. Alichovya kadi ya kioo kupitia ile safu, akaipandisha polepole, na safu ikapanda juu ya kioo. Akachovya tena, safu juu ya safu, mara nyingi, na chokaa kidogo kwenye maji ili zishikane. Kila baada ya muda alisimamisha mkono kidogo, kisha akaendelea. Tuliendelea hivyo mpaka karibu adhuhuri. Akainamisha kioo kwenye jua, na mle ambamo hakuna aliyetia rangi nikaona rangi: kahawia ya dhahabu, halafu zambarau, halafu buluu ya shingo ya mjusi, mistari mistari.

"Hii mistari ya macho ni ya kuonyesha tu," alisema. "Kazi yenyewe ni mistari ya ndani, isiyoonekana. Nikivuta kwa mwendo wake, safu zinaacha mstari, nafasi, mstari, nafasi, midogo hakuna kalamu duniani inaweza kuichora. Ni chapa bila muhuri. Huko Ulaya wanaitafuta kwa mashine kubwa kama nyumba. Mimi ninayo kwa mawese na sinia la mama."

Kisha akafanya jambo la mwisho. Akarudisha unga wa mkaa juu ya maji, akachukua kipande cha sabuni yangu, akakigusisha ncha ya kidole, na kidole akakigusisha majini. Unga ukatawanyika kama watu waliosikia risasi.

"Umeona? Sabuni nayo ina kichwa na mkia, na ina nguvu kuliko haya mafuta. Ikiingia hata chembe, inanyakua nafasi yote, safu inavunjika. Chombo kikiwahi kuoshwa na sabuni, suuza unavyosuuza, chembe inabaki imeshika kioo. Ndiyo maana mimi ni spiriti tu."

"Sabuni yangu ina nguvu hivyo?"

"Sana, Muzee."

Nikalala na fahari usiku ule. Mke wangu aliporudi sikumsimulia. Nilitaka kitu kimoja kiwe kati yangu na yule bwana.

Hakikukaa. Kama mwezi mmoja baadaye napita mbele ya duka la jirani, namsikia mke wangu anawasimulia wanawake: "Shemeji anasema mafuta ni kama watu wa msikitini! Mtu akikimu, safu zinajipanga. Huyo Mkristo huyo! Akili gani hiyo?" Wanawake wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Na muzee wako aliyeswali miaka hamsini hajaliona."

Nilisimama pale barabarani na kanzu yangu. Kama ningeingia na kusema "ni maneno yangu," nani angeamini? Fundi wa ulimi, miaka miwili ya shule. Huenda yule bwana alimwambia ni maneno yangu na yeye akasahau. Huenda alisema "sisi tunasema." Sikuwahi kuuliza. Wivu haupendi kuuliza, unaogopa kujibiwa.

Basi ikaja habari yake kubwa. Kulikuwa na mzungu mmoja mzee anaishi Kinindo, kazi yake ilikuwa maji ya wakimbizi, lakini zamani kwao alikuwa wa laboratware. Yule bwana alikuwa amemfuata kwa miguu mara sijui ngapi, akasimama getini na walinzi wakamfukuza, mpaka siku mzee akasimamisha gari na kumsikiliza. Mzungu alisema: nionyeshe kwa macho yangu, nitaandika barua kwa watu wangu huko, watakupa nafasi, wewe na watoto wako. Lakini Jumamosi hiyo alikuwa anaondoka nchini kabisa. Angepita asubuhi akielekea uwanja wa ndege. Mara moja tu.

Wiki nzima nyumba ilikuwa kama ya harusi. Bwana hakula. Alikuwa akisema majina ya wasichana wake wakati anakoroga sabuni.

Ijumaa, nimerudi kutoka swala ya mchana, yeye ametoka kutafuta spiriti. Nilipoingia uani nikamkuta mke wangu amechuchumaa karibu na bomba, sinia la harusi mapajani, zile kadi zote za kioo zimepangwa juu ya kanga, na povu mpaka viwikoni. Povu langu. Alikuwa anaimba.

Akanitazama. "Mgeni anakuja kesho aone vyombo vina alama za vidole? Nyumba ya sabuni? Nataka shemeji akute vinang'aa." Halafu labda aliona uso wangu. "Nimekosea, baba watoto?"

Hapo palikuwa na muda. Sitasema ulikuwa mdogo, ulitosha. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, nilifundishwa mimi peke yangu. Spiriti ilikuwa inakuja, Ijumaa ilikuwa bado ndefu, tungesafisha upya, au tungetafuta kioo kingine kwa mafundi. Lakini nilimwona anaimba. Nikaona jinsi alivyokuwa anakisugua kila kioo, pande mbili na kingo, akikiinua juani. Miaka ishirini na sita hakuwahi kusugua kitu changu hivyo.

"Apana," nilisema. "Umefanya vizuri."

Na nitasema jambo jingine la kijinga. Yule bwana akifaulu angeondoka, ningepata nyumba yangu, kichwa cha sangala na vicheko vyangu. Mtu mwenye wivu wa akili angempa spiriti kwa ndoo. Mimi nilichagua abaki aniumize, kuliko aende akiwa amenishinda.

Jumamosi gari likaja. Mzungu alikuwa mzee kuliko mimi, na kofia ya majani, akanipa mkono, akakaa kwenye kiti kilichooshwa. Mke wangu akaleta chai. Bwana alikuwa amevaa koti lake, shati limepigwa pasi. Alipoona vyombo alisema tu, "Vinang'aa leo," akatabasamu, akavipangusa kwa spiriti juu juu, maana muda ulikuwa mfupi na aliamini alivisafisha mwenyewe Alhamisi.

Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akadondosha tone. Akachovya, akapandisha. Akachovya, akapandisha. Fundi wa jirani alikuwa anagonga bati. Mwisho akainamisha kioo juani.

Kioo kilikuwa kioo. Ukiangalia kupitia kwake unaona ukuta wa jirani.

Akachukua kingine. Nacho kikabaki kioo. Na cha tatu. Mzungu alikuwa anakunywa chai yake kidogo kidogo ili asiimalize. Dereva akapiga honi nje, mara moja, kwa adabu. Mzee akatazama saa, akasema maneno ya Kifaransa, laini, nadhani alisema siku nyingine huwa inakubali. Akamshika begani. Gari likaondoka.

Bwana alibaki amechuchumaa mbele ya sinia. "Ni maji," alisema. "Au ni mikono yangu. Au ni mimi, Muzee, labda nimesahau kazi." Nilikuwa nimesimama pale. Hata hapo ningeweza kusema. Akapitisha dole gumba ndani ya ukingo wa sinia, akalipitisha tena, dole likateleza. Akalisugua na kidole cha pili karibu na sikio, kama anayesikiliza.

"Mama," aliita, bila kugeuka, "hivi vyombo vilioshwa?"

Mke wangu akatoka jikoni na uso wote wazi. "Jana, shemeji! Kwa mikono yangu! Na sabuni ile nzuri, ya mwisho!"

"Aksanti, mama." Alifuta kidole kwenye suruali. "Na Muzee alikuwapo?"

"Alinikuta hapo hapo kwenye bomba. Nikamuuliza, nimekosea? Akasema nimefanya vizuri." Akatutazama, yeye, mimi, yeye. "Kwani nini?"

Bwana aliinuka. Magoti yalilia. Akanitazama, na mimi nikamtazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa hata na majibu yangu, ya maneno ya msikitini, ya kichwa cha samaki, nimeyapanga.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu iliyokuwa inamsumbua. Akashusha mikono ya shati, akafunga vifungo, kimoja kimoja, akavaa koti. Akamwambia mke wangu, "Mama, vilikuwa safi sana. Aksanti kwa nyumba." Serviette hakuichukua. Nikadhani anakwenda kununua sigara, ingawa hakuwa anavuta. Alitoka mlangoni, akapita mbele ya mafundi wa magari, mmoja akamsalimia, "Profesa, vipi?" naye akamwinulia mkono. Nilitoka mpaka kizingitini. Alikuwa anatembea mwendo wake wa kila siku, hakuharakisha. Pale pembeni ya msikiti alimpisha mwanamke mwenye beseni kichwani, akakata kona, na hakurudi.